Jinsi ya Kusuka Upya Kikalio cha Kiti cha Henzirani

Henzirani ni mmea wa jamii ya mitende unaoparamia miti ya misitu ya Indonesia na Malaysia kwa miiba yake, na bua lake, tofauti na mwanzi, halina uwazi ndani. Mafundi wa Ulaya wamelitumia ganda lake kusuka vikalio tangu karne ya 17, na msuko wao wa hatua 6 ndio tutakaoufuata.

Kata msuko wa zamani, zibua matundu yote ya fremu, kisha loweka tepe za ganda katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20 hivi. Anzia tundu la katikati nyuma, ukikaza kila ncha kwa kijiti, na upande unaong'aa ubaki juu. Safu ya kwanza hutoka nyuma kwenda mbele. Ya pili hulala juu yake kutoka kushoto kwenda kulia. Ya tatu hurudia njia ya kwanza, kando kidogo. Ya nne ndiyo inayodai subira kubwa kuliko zote, kwa sababu kila utepe hupita chini ya safu ya kwanza na juu ya ya tatu, nao ukikauka mkononi hupasuka, kwa hiyo ulowanishe mara kwa mara.

Safu mbili za mwisho huenda mshazari, zikipishana. Utepe uliopita njia sahihi huteleza kwenye pembe bila kukwama; ukikwaruza, fumua mara moja. Usikikalie kiti hadi msuko ukauke kabisa na kujikaza.