Mtaa wa kutembea kwa miguu: pateni njia kabla bikoni hazijapandwa

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, mji ambao baiskeli ni ya kila mtu: mwalimu, muuza samaki, mama anayempeleka mtoto kliniki. Watu husema ni kwa sababu Tanga ni tambarare. Ni kweli, lakini kuna jambo jingine. Ngamiani ilipangwa kwa barabara zilizonyooka, zinazoitwa kwa namba, na zinakatana kila baada ya nyumba chache. Ukitaka kwenda sokoni, msikitini au kwa shangazi, hulazimiki kuzunguka. Mwenye miguu na mwenye baiskeli hufika upesi, basi hana haja ya kutafuta usafiri.

Sasa naishi pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Goba, na nimo kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, yaani kupima viwanja vilivyojengwa bila mpango, kupanda bikoni (alama za mipaka) na kupata hati. Huku kila mtu alinunua kiwanja chake, akajenga, akazungusha ukuta. Shule unaiona pale kwa macho, lakini mtoto anazunguka karibu kilomita nzima, tena pembeni ya barabara ya magari. Mzazi mwenye nauli anampandisha bodaboda. Haya ndiyo ninayowaeleza wenzetu wa mitaa mingine wanapotuuliza waanzie wapi.

Anzeni na njia. Lami itafuata

Kabla mpima hajaja, tafuteni picha ya satelaiti ya mtaa, muichapishe kwenye karatasi kubwa. Wekeni alama mahali watu wanapokwenda kila siku: shule, zahanati, bomba la maji, msikiti, kanisa, genge, kituo cha daladala. Kisha tembeeni kweli, asubuhi watoto wanapokwenda shule na jioni watu wanaporudi kazini. Mwe na mzee anayetembelea fimbo na mama mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu wao wataona mtaro na ngazi ambazo kijana anaziruka bila kufikiri. Mtu mzima hutembea kama mita 400 kwa dakika tano. Mahali ambapo pangefikika kwa dakika tano kama kungekuwa na njia iliyonyooka, lakini leo panachukua kumi na tano, pigeni mstari mwekundu.

Kila mstari mwekundu unapita kwenye ardhi ya mtu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Msimpelekee mtu barua. Nendeni jioni, mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa shina na jirani mmoja anayeheshimiana naye, mkae, mnywe chai. Ombeni mita moja kwa huyu na mita moja kwa jirani yake wa mpakani. Zikiunganishwa ni mita mbili: watu wawili wanapishana, baiskeli yenye mzigo inapita, kiti cha magurudumu kinapita, na jeneza linapita likiwa mabegani. Hilo la mwisho lisemeni bila aibu. Kwenye mitaa iliyobanana, kila familia inajua adha ya kumtoa marehemu kwa kukatiza uani kwa watu.

Kwetu mzee mmoja alikataa katakata. "Mwanangu," aliniambia, "nikitoa njia nimewatolea vibaka." Nilimjibu, "Mzee wangu, hofu yako ni ya haki, tupe siku chache." Hofu ile ina msingi: njia inayopita katikati ya kuta mbili ndefu ni hatari kweli, na wanawake wataikwepa usiku. Tulirudi na mchoro mwingine. Ukuta wake upande wa njia ushushwe hadi usawa wa kifua, juu yake paendelee kwa nondo. Taa ya sola iwekwe kwenye kona. Na genge la binti yake, lililokuwa limejificha nyuma, ligeuzwe litazame njia. Akakubali. Leo binti anauza nyanya na vitunguu mpaka usiku, na watu hupita pale kwa sababu wanajua kuna mtu. Kwa hiyo mnapopanga njia, msiwafukuze wauza genge na mama ntilie. Choreni tu mstari wa rangi chini, meza zikae nyuma yake, mita mbili zibaki wazi.

Mkishakubaliana, andikeni muhtasari siku hiyohiyo, majirani wote wawili watie saini, kisha hakikisheni njia imeingia kwenye mchoro wa mipangomiji kabla haujaidhinishwa. Bikoni zikishapandwa na hati zikatoka, kupata mita hizo mbili tena ni mazungumzo ya fidia. Njia isiyokuwamo kwenye mchoro inaweza kuzibwa kwa tofali siku yoyote, hata kama watu wameikanyaga miaka yote.

Mwendo wa magari

Mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka magari yasizidi kilomita 30 kwa saa mahali yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Kibao peke yake hakimpunguzii dereva mwendo. Kinachompunguzia ni tuta, kona na upana wa barabara. Lakini msijijengee matuta ya udongo na mawe usiku. Yanavunja magari, yanamwangusha mwenye baiskeli, na mvua ikinyesha yanageuza maji kuingia majumbani. Ombeni tuta bapa lenye alama za pundamilia juu yake, mbele ya shule na zahanati, ili mtoto avuke akiwa ameinuka na dereva amuone.

Mfano mzuri tunao hapahapa Dar es Salaam. Amend, shirika la usalama barabarani, lilifanya kazi kwenye shule zilizokuwa na ajali nyingi, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko, na pengine geti la shule likahamishwa kutoka barabara kubwa kwenda upande wenye utulivu. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Ukiitazama, hakuna kitu pale ambacho fundi wa kawaida hawezi kukijenga.

Bodaboda kupita kwenye njia ya miguu ni tatizo gumu zaidi. Nguzo zilizobana kiasi cha kuizuia pikipiki zitamzuia pia mwenye kiti cha magurudumu, na mimi sikubali kumfungia yeye. Kaeni na viongozi wa kijiwe, wapeni eneo lao zuri la kuegesha lenye kivuli, nao wasimamie wenzao.

Kivuli, mitaro, baiskeli

Pandeni mwarobaini au mkungu upande wa jua la mchana. Miashoki iacheni: inapendeza getini, lakini inakwenda juu kama mshale na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja. Mitaro iliyo kando ya njia ifunikwe kwa mifuniko ya zege yenye matundu, isiyozidi uzito ambao watu wawili wanaweza kuuinua, maana lazima isafishwe kabla ya masika. Sisi hufanya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, kama tulivyozoea Tanga.

Kwa baiskeli, huku kwenye vilima msianze na njia maalumu. Anzeni na vyuma vya kufungia dukani, shuleni na kituoni, na mpeni fundi baiskeli sehemu ya kudumu chini ya mti. Mtu haendi na baiskeli mahali asipoweza kuiacha.

Kwenye mkutano wa mtaa mtaulizwa faida. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 15 za kwenda kituoni na 15 za kurudi, siku tano, zinatimia 150 bila ada ya jimu. Wenye presha na kisukari wataelewa mara moja.

Mwisho, jueni barabara ni ya nani. Za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla, hivyo ombi la Mei limeshachelewa. Lipelekeni kabla ya Desemba kuisha, pamoja na mchoro wenye mistari myekundu, muhtasari wa mkutano na picha za mahali penyewe wakati wa mvua. Nakala apewe diwani. Na yenu mbaki nayo, ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe.