Kumfundisha Mzee Simu: Anza na Laini Yake

Mimi ni mwalimu wa ngumbaru huku Kaloleni, Kilifi. Watoto wa wanafunzi wangu hunipigia kutoka Mombasa na Nairobi: "Mwalimu, nimemnunulia mama simu, mfundishe." Sawa, lakini kuna kazi ya kwenu kwanza.

Laini iandikishwe kwa kitambulisho cha mzee mwenyewe. M-Pesa na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hutazama jina. Laini ya mjukuu ikipotea, mjukuu ndiye wa kuirudisha, naye yuko Qatar. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa; mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, na kila wakala huuona.

Kisha ulizeni kwa chifu darasa la watu wazima liko wapi. Masomo haya yako chini ya Wizara ya Elimu, ila sisi tunakutana popote penye kivuli: kanisani, madrasa, shule ya msingi watoto wakishatoka. Mimi huanza na tarakimu, irabu baadaye. Asiyezijua tarakimu humtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, na foleni nzima inasikia. Kabambe, simu ndogo yenye vitufe, inatosha kabisa. Vidole vikavu vya mzee husugua kioo cha simu kubwa wee, isiitike, halafu anadhani yeye ndiye mjinga.

Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, nendeni naye, msiende kwa niaba yake. Wazee hutangulizwa, kwa hiyo msikae nyuma kwa adabu. Bebeni kitambulisho na simu yenye chaji, maana eCitizen hutuma tarakimu za kuthibitisha kwa ujumbe. Azisome mwenyewe, azibonyeze mwenyewe. Najua utatamani kumpokonya. Mikono mfukoni!

Kuandikishwa kwa pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, ni bila malipo. Anayedai "ya chai" ni mwizi. Mashine ya alama za vidole ikimkataa, msibishane nayo: vidole vilivyoshika jembe maisha yote huwa vimelika. Anawe mikono, ajikaushe vizuri, ajaribu kidole kingine.

Vituo vya kidijitali vinavyofunguliwa katika wadi vimewalenga zaidi vijana wa kazi za mtandaoni. Ingieni tu. Msimamizi akisita, mtajieni Kifungu cha 57 cha Katiba, kinachompa mzee haki ya kujiendeleza.

Sasa matapeli. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na namba hiyo nimeiandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Darasani hujifanya tapeli, nikapiga: "Mama, umeshinda, nitumie zile tarakimu." Kazi ya mwanafunzi ni kukata. Wengi husita, kwa kuona ni utovu wa heshima kumkatia mtu bila kumuaga, kwa hiyo zoezi hilo tunalirudia kuliko yote.