Somo: Kufufua Datsun 240Z iliyoliwa na kutu na kuifunga injini nyingine

Wakuu, wengi wakipata 240Z mbovu, lile gari la michezo la Nissan la milango miwili, hukimbilia kutafuta injini. Picha za injini zinavutia, picha za kutu hazivutii. Ushauri wangu ni kinyume: injini inunuliwe mwisho, baada ya bodi kukuambia linaweza kubeba nini.

Sababu ni muundo wa gari lenyewe. 240Z haina chesisi inayojitegemea kama lori au pikapu. Bodi ndilo chesisi. Ilitengenezwa kuanzia 1969 hadi 1973 ikiwa na injini ya L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, 2393 cc, nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha wakati ule. Bati lake ni jembamba na kinga ya kutu ya enzi hizo ilikuwa ya kubahatisha. Msiseme ni gari legelege: ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Likiwa zima ni gumu. Likiwa limeoza, halafu ukaongeza farasi mia, milango itaanza kugoma kufunga, na hapo bado hujajua kwa nini.

Hatua ya 1: Ukaguzi

Chukua tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa, bisibisi kuukuu na nyundo ndogo. Sumaku isiposhika vizuri, chini ya rangi kuna puti nene au faiba. Bisibisi ikizama, hapo hakuna bati tena, kuna rangi tu.

Anzia chini ya betri. Asidi iliyovuja miaka mingi hula trei, kisha hushuka hadi kwenye reli iliyo chini yake, na reli hiyo ndiyo inayobeba mzigo wa mbele. Fuata sakafu chini ya mazulia, na reli mbili zinazopita chini ya sakafu, ambazo zina tabia ya kuoza kutoka ndani huku nje zikionekana safi. Gonga vizingiti vya milango kwa urefu wote na usikilize: bati zima hulia, bovu hutoa sauti ya kufa. Angalia pembe ya chini mbele ya tairi la nyuma, kisima cha tairi la akiba, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na ile sehemu iliyofichika chini ya kioo cha mbele ambako majani hujikusanya na kushika maji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowatoa watu jasho, kwa sababu kuifikia lazima ukate.

Tazama pia mianya ya milango. Ikiwa juu imebana na chini imeachia, au kinyume, bodi limeshaanza kujikunja.

Madigadi, boneti na milango visikutishe. Vinafunguliwa kwa bolti. Kinachoamua kama gari linafaa ni reli, vizingiti, na mahali sospensheni inaposhikia. Vyote vitatu vikiwa vimekwisha, tafuta gari jingine, hili libaki la spea.

Hatua ya 2: Kuvua

Piga picha kila kitu kabla ya kufungua, hasa nyaya na mabomba. Bolti za kila sehemu ziwe na mfuko wake wenye jina. Bolti iliyoganda ipakwe mafuta ya kulegeza, iachwe ilale, kisha ipigwe moto kidogo. Ukiilazimisha itakatika ndani na kazi ya dakika kumi itakula siku nzima.

Tangi la petroli litoke mapema na liwekwe mbali na karakana. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Usilichomelee wala kulikata kwa grainda hata kama lilikauka zamani. Mpelekee fundi anayejua kazi hiyo.

Hatua ya 3: Funga bodi lisikimbie

Hapa ndipo magari mengi huharibikia mikononi mwa wamiliki wake. Kizingiti ni uti wa mgongo wa gari hili. Ukikikata bodi likiwa limening'inia, linalegea katikati, na ukichomelea kipya unalifungia upinde huo milele.

Kwa hiyo, kabla ya grainda kugusa kizingiti, chomelea vyuma vya mraba kwenye nafasi za milango: kimoja cha mlalo, kimoja cha mshazari. Kama milango ilikaa vizuri, pima kona kwa kona ikiwa bado imefungwa na uandike vipimo ukutani. Bodi lilale kwenye stendi chini ya sehemu za sospensheni, mahali ambapo uzito wake hukaa siku zote. Kata upande mmoja tu, umalize kuuchomelea, upime tena, ndipo uhamie wa pili. Mwenye haraka hukata pande zote mbili siku moja ili aone maendeleo.

Hatua ya 4: Kuondoa kutu

Kutu nyepesi inatoka kwa brashi ya waya na msasa. Vipande vidogo vinene kama mabano na bawaba vinafaa kwa umeme: beseni la plastiki, maji yenye sodiamu kaboneti, chaja ya betri. Kipande chako kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Chuma chakavu kisiwe kile kisichoshika kutu, maana kinaachia sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya mahali pa wazi, kwani hewa inayotoka ni haidrojeni na inawaka. Springi na bolti ngumu usizitumbukize. Haidrojeni huingia kwenye chuma na kukifanya kivunjike ghafla.

Kupuliza mchanga ni sawa kwa krosimemba (chuma cha mlalo chini ya injini) na mikono ya sospensheni. Kwenye paa na boneti hapana. Bati pana hupigwapiga hadi linajikunja, na kulinyoosha tena ni kazi ya fundi bingwa.

Dawa za kugeuza kutu zenye asidi ya fosforiki zina nafasi yake: mahali ambapo brashi haifiki na bati bado lina unene. Hazirudishi bati lililokwisha. Tundu ni tundu.

Hatua ya 5: Kuchomelea

Kata hadi ufike bati safi, hata kama tundu la kidole litakuwa tundu la kiganja. Kiraka kilichochomelewa juu ya bati lililoliwa kitaachia ukingoni.

Bati la gari hili ni la unene wa karibu milimita moja au pungufu. Tumia mashine ya waya na gesi, waya wa 0.6 mm, moto mdogo. Usivute mstari mrefu. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali, rudi, jaza kati, acha ipoe; joto likikusanyika mahali pamoja bati linapinda. Mahali mabati mawili yanapolaliana, paka kwanza praima ya zinki inayokubali kuchomelewa. Ukimaliza: saga, praima ya epoksi, siili kwenye viungo. Baada ya rangi, puliza nta ndani ya vizingiti na reli. Wengi huruka hiyo nta, na kutu mpya huanzia huko huko.

Onyo moja zito: usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea. Mabaki yake yakikutana na moto wa welda hutoa fosijini, gesi inayoua. Acetoni inatosha, nayo iache ikauke kabisa.

Hatua ya 6: Sasa injini

Njia rahisi ni L28, 2753 cc, kutoka 280Z au 280ZX, magari yaliyofuata ya ukoo huu. Ni ukoo mmoja na L24, inakaa kwenye maunti (vishikizo vya injini) zile zile na kushika giaboksi ile ile. Mambo ya kulinganisha ni machache lakini yanasumbua. Beringi ya klachi ina kikombe chake, na urefu wa kikombe lazima uendane na presha pleti uliyofunga. Ukichanganya, klachi haitaachia au haitashika. Vichwa vingine vya 280ZX vina matundu ya ekzosi ya duara wakati manifoldi ya zamani ina ya mraba. Sampu, yaani beseni la oili, nayo linganisha na krosimemba kabla ya kufunga. Ukirudishia kabureta za L24, zitahitaji sindano nyingine.

Njia ya pili ni RB25DET ya Nissan Skyline R33, 2498 cc, yenye tabo na farasi kama 250. Hapo huchomoi na kuchomeka. Unatengeneza maunti, ekzosi, propela, mfumo wa petroli na waya. Tumia bloku tupu kupimia. Ni nyepesi na huogopi kuikwaruza. Iingize, funga boneti, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, angalia sampu na krosimemba, tabo na mhimili wa usukani. Acha nafasi ya kutosha, kwa sababu injini hutikisika ikivutwa.

Pembe ya propela isikadiriwe kwa macho. Shafti inayotoka giaboksi na ile inayoingia kwenye difu ziwe sambamba, zisipishane zaidi ya nyuzi moja, la sivyo gari litatetemeka kwa kasi fulani na utabadilisha beringi bure. Kwa bahati nzuri difu ya 240Z imefungwa kwenye bodi na haipandi na kushuka na magurudumu, kwa hiyo unarekebisha mwisho mmoja tu.

Petroli: kabureta zinataka presha ya bar 0.2 hadi 0.3, injini ya sindano za umeme inataka karibu bar 3. Pampu, mipira na klampu vyote vibadilike. Tangi la zamani linaachia pampu inyonye hewa kwenye kona, kwa hiyo weka tangi dogo la akiba katikati.

Umeme: 240Z ina ameta (kipimo cha mkondo) kwenye dashibodi, na mkondo mkubwa wa gari hupita hapo. Ukifunga alterneta kubwa bila kuikwepesha ameta hiyo, unapasha moto nyaya zilizo magotini mwako. Weka voltimita, na nyaya nene za kutosha kutoka bloku hadi bodi hadi betri. Injini za kompyuta zinazogoma bila sababu mara nyingi zinalilia erthi.

Hatua ya 7: Breki na difu kabla ya kuwasha

Nyuma kuna ngoma, mbele diski ndogo. Ziliitosha L24. Kwa RB badilisha kalipa na diski za mbele, na masta silinda iendane nazo. Difu ya R180, iliyokuja na gari, inavumilia L28 yenye dereva mstaarabu. Kwa tabo tafuta R200. Namba hizo ni kipenyo cha gia kubwa kwa milimita.

Hatua ya 8: Kuwasha

Toa plagi, kata petroli, zungusha kwa stata hadi geji ya oili ipande. Ndipo urudishe plagi. L28 yenye kamshafti mpya iwekwe kwenye mizunguko 2000 kwa dakika kama ishirini bila kuachwa kwenye sailensa (mizunguko ya chini gari likiwa limesimama), na oili iwe yenye zinki ya kutosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Spana13: Mkuu heshima yako. Sakafu yangu ina matundu lakini reli ni nzima. Naweza kutumia faiba na gundi badala ya welda?

Jibu: Hapana, kaka. Sakafu inasaidia kufunga bodi upande kwa upande, na kiti na mkanda vinaitegemea. Faiba haibebi mzigo huo, halafu inashika unyevu kati yake na bati.

Mzee wa Kabureta: Mwanangu, mbona unatudharau wenye L24? Ikifanyiwa ovahoo haitoshi?

Jibu: Shikamoo mzee. Inatosha kabisa, na gari lenye namba yake ya kiwandani lina thamani ambayo ukibadilisha injini huirudishi. Bloku ikiwa haijapasuka na namba zinalingana, mimi nisingeigusa. Hata ukibadilisha, ile ya zamani ipake mafuta na kuihifadhi.

Gia ya Tano: Nimepata RB25 bila kompyuta wala waya, bei nzuri. Nichukue?

Jibu: Inategemea uliyoipata utaijazia nini. Kompyuta ya kuprogramu na waya mpya vinaweza kuzidi bei ya injini. Ukipata iliyokamilika, pamoja na giaboksi, sensa na pedali, hata ikiwa ghali kidogo, chukua hiyo.

Spana13: Samahani narudi tena. Namba ya injini ikibadilika, kwenye usajili inakuwaje?

Jibu: Uliza mamlaka ya usajili kabla hujanunua, kwa sababu sheria hutofautiana na nyingine huangalia hata ujazo na mwaka wa injini. Tunza risiti yenye namba ya injini. Bima nao waambie.

Mpuliza Rangi: Rangi ije kabla ya injini au baada?

Jibu: Funga kila kitu kwanza bodi likiwa na praima tu: injini, ekzosi, radieta, milango, hata vioo kama unavyo. Kila bano lichomelewe, kila tundu litobolewe. Kisha vua vyote, paka rangi, ndipo ufunge mara ya mwisho. Ndiyo, unafunga gari mara mbili. Anayepaka kwanza huishia kuchomelea bano la radieta karibu na rangi mpya.