Kuunganisha mashine ya RS-232 kwenye laini ya RS-485

Mafundi wengi wa hapa Arusha, hasa wanaohudumia mashamba ya maua ya upande wa Usa River na viwanda vya Unga Limited, huniletea tatizo lilelile. Kontrola ya pampu au mizani ya zamani ina poti ya RS-232 (kiwango cha zamani cha kutumia data kwa waya), kompyuta iko ofisini mita mia mbili au tatu kutoka hapo, konveta za kugeuza RS-232 kuwa RS-485, kiwango cha masafa marefu, zimeshanunuliwa, moja kwa kila upande, na data haiji. Karibu kila mara nakuta fundi ameanza na laptopu. Anza na multimita.

Kabla ya kushika waya, lijue hili: konveta hubadilisha umeme, haibadilishi lugha. Kama kontrola inaongea Modbus, yaani lugha ya kuombana na kujibiana data ya mashine za viwandani, na programu ya ofisini haijui Modbus, hazitaelewana hata ukinunua konveta ya bei gani.

RS-232 ilitoka Marekani mwaka 1960. Kila ishara hupita kwenye waya mmoja na hupimwa dhidi ya waya wa ardhi: biti ya 1 ni kati ya volti -3 na -15, biti ya 0 ni kati ya +3 na +15. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa salama hadi mita 15 hivi. RS-485, ya mwaka 1983, hutumia nyaya mbili, A na B, na mpokeaji husoma tofauti iliyopo kati yao. Milivolti 200 zinamtosha. Kelele ya mota huingia kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo tofauti hiyo haiyumbi. Ndiyo maana laini hufika mita 1,200 kwa mwendo wa chini.

Hatua ya 1: Pima poti ya mashine

Kwa poti ya pini 9: washa mashine, weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye pini ya 5, mwekundu kwenye pini ya 2, kisha ya 3. Pini yenye volti hasi, mara nyingi -5 hadi -12, ndiyo inayotuma. Iliyo karibu na sifuri ndiyo inayopokea. Usiamini rangi za nyaya wala mchoro uliobandikwa ndani ya paneli miaka kumi iliyopita. Kinachotuma upande huu kiingie kwenye kinachopokea upande wa pili.

Ukikuta +3.3 au +5 wakati mashine imetulia, hiyo si RS-232. Ni ishara ya moja kwa moja kutoka kwenye chipu. Usiiunganishe na konveta ya RS-232, maana volti hasi zinaweza kuiunguza chipu hiyo.

Hatua ya 2: Jaribu mezani

Unganisha konveta zako mbili kwa waya wa mita moja: A kwa A, B kwa B. Tuma herufi chache kutoka upande mmoja, zisomeke upande wa pili. Zisipopita, badilisha A na B upande mmoja. Watengenezaji hawakubaliani juu ya herufi hizo, na kuzigeuza hakuunguzi kitu.

Konveta zinazovuta umeme kutoka kwenye poti yenyewe mimi sizitumii. Mashine za zamani hazina nguvu ya kuzilisha. Chukua inayolishwa na volti 24 za paneli.

Hatua ya 3: Vuta kebo

Tumia kebo ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Ukikosa ya RS-485, kebo ya mtandao ya Cat5 inayopatikana mjini inafanya kazi: jozi moja iwe A na B, na waya wa jozi nyingine uwe wa rejea, yaani ardhi ya pamoja ya ishara, kati ya konveta mbili. Usichukue A kutoka jozi moja na B kutoka nyingine, utakuwa umeitupa faida yote ya kusokotwa. Laini ipite kifaa hadi kifaa kama shanga kwenye uzi, isitawanyike kama matawi.

Hatua ya 4: Rezista za mwisho

Rezista ya omu 120 kati ya A na B, moja kila mwisho wa laini. Hapo katikati usiweke. Zima umeme, pima kati ya A na B. Ukisoma omu 60 hivi, ziko mbili. Ukisoma 120, moja haipo. Ukisoma 40, kuna ya tatu imejificha ndani ya kifaa fulani, itafute.

Washa, laini ikiwa kimya, pima volti kati ya A na B. Ikiwa chini ya milivolti 200, mpokeaji atasoma takataka. Upande mmoja tu wa laini, weka rezista ya omu 560 kutoka +5 hadi waya chanya wa laini (A au B, kulingana na mtengenezaji), na nyingine ya omu 560 kutoka waya hasi hadi ardhi. Utapata kama milivolti 250.

Hatua ya 5: Ardhi ya majengo mawili

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Kwenye shamba moja data ilikuwa safi asubuhi, ikikatika kila pampu kubwa ilipowaka. Nilibadilisha konveta, nikabadilisha kebo, wapi. Mwishowe nikapima kati ya ardhi ya nyumba ya pampu na ardhi ya ofisi: volti 9 za AC, yaani kilele cha karibu 12.7. RS-485 huvumilia kuanzia -7 hadi +12 tu. Nikaweka konveta iliyotengwa kiumeme, yaani isiyo na njia ya umeme kati ya pande zake mbili, upande wa pampu, tatizo likaisha siku hiyohiyo. Tangu hapo, laini yoyote inayotoka jengo moja kwenda jingine naiwekea konveta ya aina hiyo, pamoja na kinga ya radi kabla masika hayajaanza. Kama kebo ina ngao (tabaka la chuma linalozunguka nyaya), ifunge kwenye ardhi upande mmoja tu.

Hatua ya 6: Sasa fungua laptopu

Mwendo (biti kwa sekunde), pariti (biti ya kukagua makosa) na biti za kufunga (zinazomaliza kila herufi) zilingane pande zote. Modbus RTU, aina ya Modbus inayopita kwenye laini kama hii, kwa asili hutaka pariti shufwa (even). Bila pariti, biti mbili za kufunga, ingawa vifaa vingi huja na moja. Soma rejista moja tu kwanza, yaani namba moja iliyohifadhiwa ndani ya kifaa.

Jibu likija bila herufi zake za mwanzo, konveta inachelewa kuiachia laini baada ya kutuma. Kwa mwendo wa 9600, ukimya kati ya ujumbe ni kama milisekunde 4 tu, na kifaa kinaweza kujibu mara ukimya huo unapopita. Tafuta konveta inayogeuza mwelekeo yenyewe, isiyosubiri amri ya programu.

Data ikitulia, andika mwendo, pariti, anwani na rangi za nyaya kwa kalamu isiyofutika, ubandike ndani ya mlango wa paneli, pamoja na tarehe ya leo.