Difu inavuja kwenye gari la kujiundia: usikimbilie sili

Wiki iliyopita rafiki yangu aliniita nimsaidie kubadilisha sili (pete ya mpira inayozuia oili) ya mbele ya difu, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Gari lake ni la spoti la kujiundia, lile umbo la Lotus Seven: chesisi ya mabomba, taa za mbele zimetokeza kama macho ya kaa, na difu ya Ford Sierra imebanwa kati ya mabomba nyuma ya viti. Sili mbili za kwanza hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa rangi. Kabla ya kuifunga difu aliisugua ikang'aa, akaipulizia rangi nyeusi kila mahali, na tundu la kupumulia likazibwa humohumo.

Nimeandika haya kwa sababu kitabu cha ufundi cha gari mama, yaani gari ambalo difu ilitolewa, hakitakusaidia sana hapa. Kitakwambia ung'oe sili ya zamani, upige mpya, basi. Lakini difu yako imehama nyumba. Imelala kwa pembe nyingine, imefungwa kwa bolti nyingine, propela (shafti inayoleta nguvu kutoka gia boksi) ni fupi, na aliyeifunga ni wewe. Nusu ya mivujo niliyokutana nayo kwenye magari haya ilitokana na kuhama huko, si uchakavu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni difu kweli

Osha difu yote kwa dawa ya kusafishia breki, iache ikauke, kisha ipake poda ya mtoto. Endesha dakika kumi na tano, rudi uchungulie. Mahali oili inapotokea patakuwa na mstari mweusi juu ya weupe. Usiamini tone lililo chini, maana upepo wa chini ya gari huisukuma oili nyuma na tone huanguka mbali na ilipotoka.

Inuse pia. Oili ya difu ina harufu kali ya salfa ambayo ukiikuta mara moja hutaisahau. Kama kilichorushwa ni kizito, cheusi na hakinuki hivyo, na kimechora duara kwenye mabomba ya pembeni, huo si mvujo wa difu. Ni grisi ya kiungo cha shafti ya gurudumu, mpira wake umepasuka.

Hatua ya 2: Tundu la kupumulia

Anza hapa hata kama umeiona sili ikitoa machozi kwa macho yako. Difu ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka. Ikitoka nyuzi 20 hadi 90 bila pa kutokea, msukumo wake unapanda kwa karibu robo, na unaosukumwa ni mdomo wa sili uliotengenezwa kuzuia oili inayorukaruka, si kuzuia msukumo. Usiku difu inapoa na kuvuta ndani, na inachovuta ni vumbi na maji kupitia mdomo uleule. Ndiyo maana sili mpya hudumu wiki mbili tu.

Fungua kipumulio, kiloweke kwenye petroli, kisha pulizia kwa mdomo. Hewa ipite bila kulazimishwa. Kama difu yako ina kitundu kidogo tu kwenye chuma, kizibue kwa waya mwembamba, ila uanze kwa kukwangua rangi ya juu ili isidondokee ndani.

Mimi siachi kipumulio cha asili kwenye gari la kujiundia. Mara nyingi kimekandamizwa chini ya tangi la petroli, au difu imeinama kiasi kwamba oili inakifikia kwenye kona. Naweka kipande cha mpira wa mafuta, naupandisha juu kadiri chesisi inavyoruhusu, na ncha yake naigeuza itazame chini ili maji yasiingie. Mpira upande moja kwa moja. Ukiuacha ukalegea na kufanya tumbo katikati, oili itatuama hapo na utakuwa umeziba upya.

Hatua ya 3: Kipimo cha oili

Kwa difu ambayo mfuniko wa kujazia uko nyuma, pua (ncha yake ya mbele) ikiinama kuliko ilivyokuwa kwenye gari mama, ule mfuniko unapanda. Ukijaza "mpaka ianze kumwagika" umejaza kupita kiasi, na sili ya mbele, ile ya pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela), inaogelea. Pua ikiwa juu, kinyume chake: utadhani imejaa kumbe beringi ya mbele inakauka.

Kwa hiyo usijaze kwa tundu. Tafuta ujazo ulioandikwa kwa difu hiyo, pima kwenye chupa yenye mistari, mimina kiasi hicho tu. Difu nyingi za ukubwa huu hubeba karibu lita moja.

Hatua ya 4: Kifuniko cha nyuma

Kwenye gari mama kifuniko hiki mara nyingi kilikuwa na mpira wa kupunguza mtikisiko. Waundaji wengi hufunga difu moja kwa moja kwenye chuma, na mtikisiko wote unaishia kwenye bolti za kifuniko. Zikaze tena baada ya kilomita mia chache za kwanza, na uangalie kama kuna bolti ambayo tundu lake limetoboka mpaka ndani. Hiyo huvuja kupitia nyuzi zake hata gasketi ikiwa salama. Ipake gundi ya nyuzi.

Silikoni: mstari mwembamba kama uzi wa kiatu, uzunguke kila tundu kwa upande wa ndani, uachwe ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Ikichuruzika nje umeweka nyingi, na kiasi hichohicho kimechuruzika ndani ambako hukioni. Zile dawa za kumimina ili "zizibe zenyewe" sizigusi.

Hatua ya 5: Sili za pembeni

Toa shafti, chomoa flenji (sahani ya chuma ambayo shafti hufungwa), badilisha. Kazi ya saa moja. Kama pakiti ya sili ina siklipu mpya (pete ya chuma ya kushikilia), itumie.

Hatua ya 6: Sili ya pinioni

Hapa punguza mwendo. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilitumia ile bunduki ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu. Kufungua, sekunde tatu. Kufunga, sekunde tatu. Nilipojaribu kuzungusha flenji kwa mkono, haikusogea. Nilitoa viti, tangi, shafti zote mbili na difu yenyewe, siku mbili, kwa sababu ya sekunde tatu.

Sababu ni hii. Pinioni imeshikwa na beringi mbili, na kwenye difu nyingi katikati yake kuna bomba jembamba la chuma linaloitwa bushi ya kubonyea. Nati ya mbele ikikazwa kiwandani, bushi hiyo hubonyea mpaka beringi zibanwe kiasi kinachotakiwa. Ikishabonyea hairudi. Ukikaza kupita, beringi zinabanwa mno, zinapata moto, zinaanza kunung'unika na mwisho zinakufa. Ukilegeza ili kurekebisha, bushi haitanuki kufuata nati, kwa hiyo pinioni inabaki inacheza, meno hayaumani vizuri, na sili uliyoifuata inavuja tena. Dawa ni bushi mpya, na bushi mpya ni difu chini. Kuna difu nyingine zenye bushi ngumu na shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi), ambazo nati yake hukazwa kwa kipimo tu. Jua yako ni ipi kabla ya kushika spana.

Kabla ya kulegeza chochote, shika flenji uitikise juu, chini, kushoto, kulia. Ikicheza, acha. Beringi imekufa na sili mpya haitazuia kitu. Kwenye magari haya angalia pia propela: ikiwa ndefu kupita nafasi iliyopo, kila gari likizama kwenye shimo inaisukuma pinioni nyuma. Niliwahi kuona propela ambayo ilikuwa haina hata milimita mbili za kuingia zaidi kwenye gia boksi. Mwenye gari alikuwa amebadilisha sili, beringi na flenji, akaiacha propela.

Ikiwa haichezi, toa propela na uondoe shafti zote mbili za magurudumu. Najua watu wanaoziacha. Breki inayogusa kidogo tu itaharibu kipimo unachotaka kupima sasa.

Zungushia uzi mgumu kwenye flenji, mizunguko minne au mitano, funga ncha kwenye mizani ya ndoano, uvute taratibu na usome wakati flenji inazunguka kwa mwendo sawa. Usisome pale inapoanza kusogea, hapo namba huwa kubwa kuliko ukweli. Zidisha kilo hizo kwa 9.81, kisha kwa nusu ya upana wa flenji katika mita. Kilo 3 kwenye flenji yenye nusu upana wa sentimita 5 ni karibu Nm 1.5. Rudia mara tatu, andika. Hiyo ndiyo namba unayopaswa kuirudisha.

Piga ponchi alama moja kwenye nati, nyingine kwenye ncha ya pinioni, nyingine kwenye flenji, zikae mstari mmoja. Hesabu mizunguko unapofungua nati. Wengi huishia hapo na kusema rudisha nati kwenye alama. Inafaa, lakini kwa nati ileile tu. Nati mpya nyuzi zake zinaanzia mahali pengine na alama zako hazina maana tena. Flenji mpya vilevile. Mimi naichukulia alama kama shahidi wa pili, na mizani kama hakimu.

Kuzuia flenji isizunguke, tumia ubao wa chuma wenye matundu mawili, uufunge kwa bolti kwenye flenji na uegemeze kwenye chesisi. Spana ya bomba inaharibu mahali propela inapokaa.

Flenji ikitoka, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja siku hiyohiyo. Chaguo la kwanza ni kuingiza sili milimita moja au mbili tofauti na ya zamani ili mdomo uguse mahali pasipoliwa. La pili ni ganda jembamba la chuma linalovishwa juu ya mfereji. Kusugua kwa msasa si chaguo, mikwaruzo yake inapampu oili nje.

Sili mpya: upande wenye springi utazame oili. Paka mdomo oili. Isukume kwa kipande cha bomba la plastiki chenye upana wa sili, gonga kwa kuzunguka, na usiigonge ikiwa imepinda. Ukisikia kitu kimeruka, ni springi ya ndani, toa uitafute.

Rudisha flenji na nati. Kaza kwa mkono wa spana, kidogo, kisha pima kwa mizani. Kidogo tena, pima. Ukifika kwenye namba yako, au umezidi kwa nywele tu kwa sababu sili mpya nayo inashika, simama. Usimalizie na kamzunguko kamoja ka usalama. Kama nati bado ni nyepesi na kipimo kiko chini ya namba yako, endelea. Kama nati imekuwa ngumu ghafla na mizani haijapanda, simama ukague: huenda flenji haijaingia vizuri kwenye meno yake.

Hatua ya 7: Jaza na ujaribu

Fungua mfuniko wa kujazia kabla ya kumwaga ya zamani, maana ukigoma utabaki na difu tupu. Difu nyingi hazina mfuniko wa kumwagia, ivute kwa bomba la sindano. Tumia oili ya unene wa 80W-90 au 75W-90 yenye alama ya GL-5, na kama difu yako ina klachi ndani ya kuzuia gurudumu moja lisiteleze, ongeza dawa yake.

Endesha nusu saa mpaka difu ipate moto, egesha, weka karatasi nyeupe chini. Siku mbili za kwanza matone machache yanaweza kutoka kwenye mianya ya chesisi ambako oili ya zamani ilijificha. Pangusa, paka poda tena, angalia siku ya tatu.

Andika namba mbili kwenye kipande cha utepe, ile ya mizani na ujazo wa oili uliomimina, ubandike ndani ya bomba la chesisi juu ya difu. Hakuna kitabu chenye namba hizo kwa gari lako.