Tochi ya Mfukoni: Ichague kwa Mwanga Wake Mdogo

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Ngamiani, hapa Tanga, uulizie tochi ndogo, utaonyeshwa kwanza ile inayofika mbali. Muuzaji ataiwasha, atamulika ukuta wa ng'ambo ya barabara, nawe utatoa hela. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tochi ya kushinda mfukoni humulika ng'ambo ya barabara mara mojamoja tu. Kazi zake za kila siku ziko umbali wa mkono: tundu la kufuli, kiatu kabla hujatia mguu, nyaya nyuma ya friji, na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.

Hii ya LUKU tuitazame kwa karibu. Umeme umekwisha saa tatu usiku, ujumbe wenye tarakimu 20 uko kwenye simu, mita iko ukutani. Taa ya simu haikufai kwa kuwa simu yenyewe ndiyo unayoisoma. Ukiwasha tochi ya lumeni 500 pale (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), mwanga unagonga kioo cha mita na kukurudia machoni, namba huzioni. Lumeni 8 zinatosha kabisa, tena kwa tochi iliyobanwa kwenye ukosi wa shati ili mikono yote miwili ibaki huru.

Kwa hiyo uliza kwanza tochi inashuka hadi wapi. Inapanda hadi wapi ni swali la baadaye.

Viwango vya mwanga

Cha chini kabisa ni kati ya nusu lumeni na lumeni moja. Dukani kinaonekana kama tochi mbovu, kwa sababu pale kuna jua. Kijaribu ndani ya chandarua, macho yakiwa yameshazoea giza: unamwona mtoto, unaona chupa ya maji, na hakuna anayeamka. Mwezi wa Ramadhani, anayeamka kuandaa daku katika chumba wanacholala watu wanne anajua thamani yake. Jicho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali wa sekunde chache unaiharibu kazi hiyo yote.

Kiwango kidogo, lumeni 5 hadi 15, ndicho utakachokitumia kuliko vyote. Kusoma, kutafuta funguo, kufunga cheni ya baiskeli iliyochomoka.

Cha kati ni lumeni 40 hadi 80, cha kutembea. Uchochoro wenye mtaro usio na mfuniko, njia ya mchanga yenye mizizi ya minazi, swala ya alfajiri mwezi ukiwa haupo. Zaidi ya hapo utawapofusha unaopishana nao, na hilo si adabu.

Cha juu, lumeni 150 hadi 300, ni cha kuangalia nini kimelia uani, au kutafuta ngalawa ilipofungwa. Juu ya hapo kuna kile watengenezaji wanachokiita turbo, lumeni 500, 800, hata 1,000 katika tochi ya ukubwa wa kidole gumba. Ni kweli inazitoa, lakini kwa dakika moja hadi tatu hivi. Kichwa cha tochi ni kidogo, joto halina pa kwenda, na saketi inajishusha yenyewe ili LED isiungue. Kufifia polepole namna hiyo si ubovu. Ubovu ni tochi ndogo kupata joto mpaka huwezi kuishika na bado haijishushi.

Viwango viachane vya kutosha. Jicho halihesabu kama kipimo: ili mwanga uonekane umeongezeka mara mbili, lumeni zinapaswa kuongezeka kama mara nne. Tochi yenye 100, 200 na 300 ni tochi ya kiwango kimoja kilichoandikwa mara tatu. Yenye 5, 30 na 150 ina viwango vitatu vya kweli.

Mpangilio wa kuwaka

Tochi mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana kabisa kwa mpangilio wake, na kasoro hii haiandikwi kwenye boksi. Ya kwanza inaanza na mwanga mdogo kisha inapanda. Ya pili inaanza fulu kisha inashuka dimu. Ya tatu inakumbuka ulikoiacha.

Kwa matumizi ya nyumbani, ya kwanza ndiyo bora. Ukikosea kubonyeza, kosa lako ni mwanga hafifu wa nusu sekunde, na hakuna aliyeumia. Yenye kumbukumbu ni nzuri pia, mradi iwe na njia ya mkato: ikiwa imezima, unashikilia kitufe na inawaka kwenye kiwango cha chini moja kwa moja hata kama jana uliiacha fulu. Inayoanza fulu tuwaachie walinzi wa usiku na wenye bodaboda, ambao wakibonyeza huwa wana sababu.

Jihadhari na tochi rahisi za viwango vitatu: fulu, dimu, kumwekamweka. Ukiwa kwenye dimu ukataka kurudi fulu, lazima upitie kumwekamweka, uso kwa uso na mke wako. Mbaya zaidi ni zile zinazosogea kila zinapowashwa: leo fulu, kesho dimu, keshokutwa inamweka. Saketi nzuri ya aina hii hubadilisha kiwango pale tu unapozima na kuwasha haraka. Ukiiacha imezima kidogo, inarudi mwanzo au pale ulipoiacha. Jaribio lake ni jepesi. Washa, zima, hesabu hadi kumi, washa tena. Rudia mara tatu. Ikiwaka kwa namna tatu tofauti, mrudishie muuzaji.

Kitufe cha nyuma ni cha kubonyeza hadi kilie, na ni kigumu kuwaka chenyewe. Cha ubavuni ni laini na rahisi kwa kidole gumba, ila huwaka mfukoni, na kwa kuwa ni cha kielektroniki kinakula betri kidogokidogo hata tochi ikiwa imezima. Za kuzungusha kichwa ni imara sana lakini zinataka mikono miwili, kwa hiyo hazimfai mwenye samaki mkononi.

Betri, na hesabu ya kumuumbua mwongo

Saizi mbili unazijua tayari: AA ni ile ya saa ya ukutani, AAA ni ya rimoti. AA ina kipenyo cha milimita 14.5 na urefu wa 50.5. Ya tatu ni 18650, ya lithiamu, milimita 18 kwa 65, ambayo kwa mfuko wa kanzu ni kubwa kidogo. Mfuko wa kanzu ni kitambaa chepesi kilichoning'inia, tochi nzito hupigapiga paja kila hatua na baada ya miezi michache mshono unaachia. Gramu 50 pamoja na betri ni kikomo kizuri. Betri ya 18650 peke yake ina uzito wa gramu 45 hadi 50.

Sasa hesabu. AA ya kuchaji ya NiMH, aina ya kawaida ya kuchaji, ina volti 1.2 na takriban mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha ujazo wa betri), yaani wati-saa 2.4. LED nzuri pamoja na saketi yake hutoa karibu lumeni 100 kwa wati moja. Zidisha: lumeni 240 kwa saa moja, au 60 kwa saa nne, au 10 kwa siku nzima. AAA ni chini ya nusu ya hapo. 18650 ya mAh 3,000 ina karibu wati-saa 11, kwa hiyo lumeni 100 kwa saa kumi na ushee. Ukikuta boksi linasema lumeni 2,000 kwa saa kumi, unajua kinachouzwa ni boksi. Vilevile 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo wa wazi. Nzuri za kawaida zinaishia karibu 3,500.

Hata maboksi ya kweli yanahitaji kusomwa. Kipimo cha FL1 cha Marekani, kilichotolewa mwaka 2009, huhesabu muda wa kuwaka mpaka mwanga unapobaki asilimia 10 ya ulivyoanza, na umbali mpaka pale mwanga unaofika juu ya kitu unapofifia kuwa luksi 0.25, sawa na mbalamwezi kamili. Umbali ulioandikwa ugawe kwa mbili, hapo ndipo utamtambua mtu.

Kwa wengi wa Tanga tunapendekeza AA ya kuchaji. Ikiisha ukiwa Pangani au Kigombe, mawe ya kawaida yanapatikana dukani na safari inaendelea. Tochi yenye betri iliyofungiwa ndani na tundu la USB-C ni raha mpaka betri inapochoka, halafu tochi nzima inatupwa.

Kuna mtego mmoja. Betri ya lithiamu iitwayo 14500 inafanana na AA kwa umbo, lakini ina volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Tochi iliyotengenezwa kwa volti 1.5 pekee ikitiwa hiyo, huwaka vizuri ajabu kisha saketi inaungua. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kutumbukiza. Na mawe ya alkalini usiyaache ndani miezi: yanavuja. Unga mweupe ukishatokea, toa betri, futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kausha kabisa.

Rangi ya mwanga

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwanga wa buluu-mweupe, kelvini 6,500, unaonekana mkali zaidi dukani na ndiyo sababu umejaa sokoni. Kelvini 4,000 hadi 5,000 ni bora kwa macho, na huvutia wadudu wachache zaidi. Kitu kingine ni CRI, yaani uaminifu wa rangi, unaopimwa hadi 100. Tochi ya kawaida ina 70. Nenda nayo soko la samaki la Deep Sea kabla hakujapambazuka, funua shavu la changu: chini ya CRI 70 shavu jekundu la samaki wa leo na la kahawia la samaki wa jana hukaribiana. Kwa 90 na kuendelea, tofauti iko wazi. Unalipa kwa lumeni chache pungufu, na inastahili.

Angalia pia kama mwanga unatetemeka. Weka tochi kwenye kiwango cha chini, ielekeze ukuta mweupe, itazame kupitia kamera ya simu. Mistari myeusi inayotembea maana yake mwanga unazimika na kuwaka kwa kasi. Ikiwa mingi na minene, macho yatachoka ukisoma.

Bahari inavyoziua

Uwezo wa kuzuia maji huandikwa kwa IPX na namba. IPX4 ni rasharasha tu. IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa, na kwa anayeshuka pwani maji yakipwa, au anayevuka kwa ngalawa, hiki ndicho cha chini cha kukubali. Lakini chumvi ni jambo lingine. Tochi ikilowa maji ya bahari, isuuze kwa maji yasiyo ya chumvi ingali imefungwa, ikaushe, ndipo uifungue. Ukiifungua kabla, chumvi inaingia kwenye nyuzi za kufungia, ile mizunguko ya skrubu kwenye kifuniko, na wiki mbili baadaye inaanza kuwaka kwa kutikiswa. Watu hudhani kitufe kimekufa, kumbe ni nyuzi. Zifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na mara nyingi inapona.

Oringi, ile pete ya mpira, ipakwe grisi ya silikoni kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mafuta ya mgando hayafai, baadhi ya mipira huvimba kwayo na tochi haifungi tena.

Anayekwenda mapango ya Amboni abebe mbili. Mle ndani hakuna nyota wala mwanga wa jirani, na tochi moja ikianguka kwenye mwamba huna ya kuitafutia.

Nyumbani umeme ukikatika, isimamishe ikitazama dari nyeupe kwenye lumeni 100 na chumba kizima kinaangaza. Kama juu ni makuti au mabati matupu, dari haipo ya kurudisha mwanga: iweke chini ya dumu jeupe lenye maji, lumeni 40 zinatosha kulia chakula.

Kabla ya kuitia mfukoni au begini, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko. Kwenye tochi ambazo nyuzi zake zimepakwa rangi ileile ya mwili, umeme unakatika hapo na kitufe hakiwashi kitu hata kikikaliwa. Nyuzi zikiwa za chuma kitupu kinachong'aa, ujanja huo haufanyi kazi mpaka ukilegeze kifuniko hadi betri iachane nacho.