Kabla hujamchukua paka wa mbegu, anza na wazazi wake

Wengi wetu tukitaka paka wa mbegu, yaani wa aina maalum kama Persian au Maine Coon, tunaangalia manyoya, macho, bei, afya inakumbukwa siku ameacha kula. Mimi naona ianzie huko huko kwa mfugaji. Muulize wazazi wa huyo mtoto wamepimwa nini na umwambie akuonyeshe karatasi, sio akuambie tu wako fiti. Kama ni Maine Coon au Ragdoll swali la kwanza ni moyo, maana wana ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kunenepa, na kama ni Persian basi ni figo, zinaota vifuko vya maji vinavyokua polepole miaka na miaka huku paka anacheza kama kawaida, ukija kushtuka figo zimeshachoka.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa. Kipimo cha DNA cha zile figo unafanya mara moja maishani basi, ila cha moyo usikiamini kivile, kuna jeni yenye kasoro iligunduliwa kwa Maine Coon mwaka 2005 na nyingine kwa Ragdoll 2007, lakini paka anaweza asiwe nayo na bado moyo ukaharibika ukubwani. Ndo maana paka wa kuzalisha anapigwa ultrasaundi ya moyo na inarudiwa, kwa kawaida kila mwaka. Ukionyeshwa ya miaka minne nyuma hiyo ni kumbukumbu tu. Na kusikiliza kwa stethoskopu peke yake hakutoshi, wapo wenye moyo mbovu na hausikiki kitu.

Scottish Fold mimi simshauri mtu, samahani kwa wanaowapenda. Yale masikio yamekunjika kwa sababu gegedu lake, ile tishu ngumu inayonyumbuka ya sikio, ni bovu, na ubovu huo huo uko kwenye viungo vya miguu na mkia, wanaumia.

Akishafika nyumbani zoea kumhesabia pumzi akiwa amelala fofofo, kifua kikipanda na kushuka ni moja, hesabu dakika nzima. Chini ya 30 ni sawa, ikizidi hapo tena na tena mpigie daktari siku hiyo hiyo. Mpime uzito kila mwezi uandike, manyoya ya Persian yanaficha kukonda vibaya mno. Chanjo za utotoni zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi, usiishie ya kwanza. Akigonga miaka 7 ongezea damu, mkojo na presha kila mwaka.

Kitu kingine watu hawakijui kabisa, paka wana makundi ya damu, na British Shorthair na Devon Rex wengi kidogo wana kundi B. Akiwekewa damu ya kundi A anaweza kufa hata kama ndo mara ya kwanza, kwa hiyo lijue kabla ya operesheni, na kabla ya kumpandisha pia, maana mama wa B akizaa watoto wa A maziwa yake ya siku ya kwanza yanaweza kuwaua.

Paracetamol usimpe hata kipande. Dume akichuchumaa kwenye boksi la mchanga mkojo hautoki, au paka yeyote ghafla anaburuta miguu ya nyuma huku analia, hapo usisubiri asubuhi, kwa hiyo namba ya daktari anayefungua usiku iwe kwenye simu tangu siku ya kwanza, na kile kikapu cha kumbebea kiache wazi sebuleni awe analala humo, sio mnakimbizana naye chini ya kitanda wakati dakika zinaisha.